Maji ya Mchana wa Ramadhani

Mwaka ule niliogopa choo. Kwa miezi mingi nilikuwa na mpasuko kwenye njia ya haja kubwa, na kila nilipotoka kujisaidia nilijiegemeza ukutani, nikisubiri moto ule upoe. Nilikuwa mke mgeni Katesh, miaka miwili ndani ya ndoa bila mtoto, katika nyumba ya wauza ngozi. Mume wangu alikuwa safarini pande za Basotu. Ningemwambia nani?

Nilimwambia dresa, mfunga vidonda wa dispensari ya serikali, uso nimeugeuzia ukuta. Akasema kisu si lazima nikiwa mvumilivu. Nikae ndani ya karai la maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni, na kila nitokapo chooni. Nipake marhamu. Nile mboga za majani na uji wa ulezi, ninywe maji kutwa, kwa sababu choo kikikauka kinachana kidonda upya. Nisipopona, atanipeleka hospitali kubwa nikakatwe.

"Kutwa?" nikauliza. "Na Ramadhani inaingia?"

"Mgonjwa ana ruhusa. Waambie unaumwa."

"Wakiniuliza wapi?"

Akacheka, kisha akaona mimi sicheki.

Mama mkwe alinikuta jikoni mchana, kata ya maji mdomoni. Nilisubiri anikemee. Akanitazama tumbo, macho yakamlegea kwa furaha.

"Usiseme kitu, mwanangu. Mambo haya hayatangazwi mapema. Kunywa."

Nikanywa, nikamwacha aamini.

Tangu hapo yeye ndiye aliyenichotea maji, ya kunywa na ya kukalia. Kisima kilikuwa mbali na jua la Hanang halikuwa na huruma, naye alikuwa na saumu. Alirudi midomo imempasuka, akawasha kuni, akapima joto kwa kiwiko, akanisukumia karai nyuma ya pazia. "Mgongo unakuuma, eh? Mimi nilipombeba mumeo nilitembea kama bata." Nikakaa ndani ya maji ambayo yeye asingeweza kunywa hata tone, nikamsikia upande wa pili akiimba wimbo wa kubembeleza mtoto. Kidonda kilianza kutulia, na kila nilivyopata nafuu ndivyo nilivyoshindwa kumtazama usoni.

Mfungo ulipokaribia kwisha alinitolea kanga kuukuu, laini, ile aliyombebea mume wangu mgongoni. Hapo nikashindwa. Nikamwambia yote, mpaka mahali penyewe panapouma.

Akaikunja kanga mara mbili.

"Nimeshamwambia yule mama anayetuuzia maziwa," akasema. "Na yeye ana mdomo. Wote wameshajua."

"Nitawaambia ukweli, mama."

"Utawaambia nini? Sokoni? Hapana. Waniulize mimi."

Jioni aliendelea kunipashia maji. Hakuimba.

Majirani wakamwuliza, naye akawaambia mimba imetoka. Mwanamke ambaye nilimwona akitema mate ili asimeze hata unyevu akiwa na saumu, akasema uongo huo kabla ya kufuturu, ili ugonjwa wangu usiwe kicheko cha watu.

Siku ya pili ya Idi akaja yule mama wa maziwa, mfugaji kutoka uwandani, na sketi yake ya ngozi na kibuyu begani. Hakuja kuuza. Alikaa sakafuni mbele ya kigoda changu, akanishika magoti. Kiswahili chake kilikuwa kichache.

"Mimi pia," akasema. "Wawili. Wa pili alikuwa na nywele."

Nilianza kulia, naye akadhani anajua kwa nini.

Nilimtazama mama mkwe, aliyesimama mlangoni, nikiomba kwa macho aniruhusu kusema. Akatikisa kichwa kukataa, taratibu, akatazama nje.

"Kunywa," mama wa maziwa akasema, akanishikia kibuyu. "Kunywa yote. Damu irudi."

Nikanywa yote. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda kigumu na sikusikia maumivu hata kidogo, wakati yeye akinifuta mdomo kwa kidole gumba.