Mama Aliposikia Honi ya Meli

Saa kumi kamili alasiri, meli ilipiga honi karibu na mnara wa taa, Mombasa. Mama, mchuma chai wa Roret, aliinuka ghafla kwenye nyasi, akapapasa mgongo akitafuta kikapu.

"Mama, tungoje!" nikamwambia. "Taa ya mnara tuliyokuja kuiona haijawaka."

"King'ora cha kiwanda kimelia. Tukichelewa mizani, majani yatakataliwa."

Shangazi, mwenyeji wetu, akaangua kicheko. "Ai, Mama Chebet, hiyo ni meli! Hapa nani atapima majani yako, samaki?"

Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi nilidhani ni pilipili ya muhogo tuliokuwa tukila.

Wiki jana, sasa nikiwa mtu mzima, nilipita hapo, honi ikalia, nikaelewa machozi yale. Ni siku ile ya muhogo tu nilipomwona mama akiketi tena baada ya king'ora, akatulia mpaka taa ikawaka.