Ubwabwa wa Wageni wa Zuhura

Jamani, aibu hii nimeificha weee mpaka nimechoka, maana hata nikinyamaza shoga yangu Bi Somoe atawahadithia, na yule akihadithia anaongeza chumvi, basi bora mnisikie mwenyewe, mcheke mara moja tumalizane.

Mjukuu wangu Zuhura, huyu ninayekaa naye hapa Magomeni, kasoma mambo ya kompyuta. Akapata kazi (kazi gani haina mshahara, lakini yeye anaiita kazi) kwenye programu fulani ya simu, watoto wa shule wanasomea vitabu humo, bure kabisa. Akanieleza, na mie nikaelewa, msinione hivi. Ile programu haina bosi, wameitengeneza watu wa dunia nzima, yeyote anaruhusiwa kuifungua aone ndani ilivyo, palipoharibika anatengeneza, na halipwi mtu. Ila huanzi hivi hivi, lazima kwanza kompyuta yako uiwekee vifaa vyote, kama seremala na randa zake na misumeno yake, na vifaa vyenyewe unavishusha kwa intaneti, vizito hivyo, kimoja kikigoma vyote vinagoma. Wiki nzima namsikia huko chumbani, "Imegoma tena!" mpaka nikawa naogopa kumwita kula.

Siku moja akatoka anacheka. "Bibi, Jumamosi saa nne wenzangu wananisaidia kuweka vifaa. Nisipomaliza siku hiyo, nafasi yangu anapewa mwingine."

"Wako wangapi?"

"Kama ishirini hivi."

"Na hawalipwi?"

"Hawalipwi, Bibi, wanajitolea."

Basi, hapo nikaishia kuuliza. Mie nimezaliwa shambani, huko kusini, mbele ya Naliendele, na kwetu mikorosho yako ikizidiwa na majani unaita watu, wanakuja kufyeka bila senti, na wewe kazi yako moja tu, wale washibe. Mtu akitoka shambani kwako na njaa, hilo ndilo jina lako mpaka kaburini. Sasa watu ishirini watoke huko kwao kuja kumsaidia mtoto, niwape maji ya kunywa? Watakutana wapi sikuuliza, niulize nini, shamba likiwa lako watu wanalimia kwa jirani?

Nikaona nimshtukize mtoto, afurahi. Nikamnong'oneza Bi Somoe peke yake (kumnong'oneza Bi Somoe ni sawa na kukodi gari la matangazo), na Ijumaa jioni mtaa mzima wakawa wanajua kwa Bi Asumini, ndiye mie, kunakuja wageni kutoka nje. Zuhura hana habari, kajifungia na madude yake masikioni.

Jumamosi nikaazima sufuria la shughuli, wanawake wakaja, tukapika ubwabwa wa nazi, kuku, na ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, pembeni, maana nilisema hawa Wazungu lazima waionje. Jirani yangu Mama Upendo, mwalimu, mtu wa Mbeya, akaniuliza kwa adabu, "Bibi, hao wageni wamefikia hoteli gani?" Nikamjibu, "Mwalimu, wewe menya vitunguu." Mwenyekiti wa mtaa akaja na koti, na jua lile!

Saa nne ikapita, kimya. Saa tano, kimya. Watu wamejaa mikekani, wanaangaliana, wanaangalia sufuria. Kijana mmoja akasema, "Bibi, tupe basi waifai ya simu ya Zuhura tusogeze muda." Na neno la siri aliloweka mjukuu wangu ni jina langu, sasa mtu atanyimaje jina lake mwenyewe? Nikatoa. Wakaunga simu zao zote, huyu mpira, yule nyimbo, Bi Somoe kampigia kwa picha mwanawe aliyeolewa Msumbiji, anamwonyesha mapaja ya kuku moja moja.

Mara nasikia chumbani, "Inakatika! Jamani, inakatika!"

Nikajua analia kwa ajili ya wageni kuchelewa. Nikaingia na mwiko wangu mkononi, masizi mpaka puani, mwenyekiti nyuma yangu, Bi Somoe nyuma ya mwenyekiti. Nikamuuliza, "Mjukuu wangu, wageni wako wamepotea njia? Tutume mtu stendi?"

Kwenye kile kioo cha kompyuta kuna nyuso, kila uso na kijisanduku chake, weupe, weusi, mmoja kapakata paka, wote wamenitumbulia macho. Zuhura akaniambia polepole, kama anaongea na mgonjwa, "Bibi. Wageni ndio hao."

Mwenyekiti akainama. "Hawa? Mbona hawa wako kwao!"

"Sasa hawa watakula saa ngapi?" Bi Somoe huyo.

Zuhura hakucheka. Mara zile nyuso zikaganda; akatazama simu yake, bando lote limekwisha, na vifaa vilikuwa vimebaki kidogo tu. "Nani kawapa watu neno la siri?" Bi Somoe (Mungu anamwona) akasema, "Si jina la bibi yako?"

Alinusuru Mama Upendo. "Zuhura, beba kompyuta, njoo kwangu, utatumia intaneti ya simu yangu." Mtoto akapita katikati ya watu kaishika kompyuta wazi mikononi kama sinia la uji wa moto, hasalimii mtu. Nikabaki mie na sufuria. Na hao watu, mnadhani waliona haya? Wakala! Wakaongeza! Mwenyekiti akashiba, akasimama akawashukuru wageni ambao hawapo. Mie sikuonja hata punje, nawaza nafasi ya mtoto nimeigawa kwa mpira na mapaja ya kuku.

Alasiri akarudi, macho mekundu.

"Imewaka?"

"Imewaka."

"Na nafasi?"

"Wamenipa, Bibi."

Nikapiga kigelegele, hata hakijafika mwisho akaniziba mdomo. "Bibi, nakuomba, usiite tena watu!"

Mngedhani yameisha. Kumbe intaneti ilipokatika, huko kwa wenzake picha iliganda mie nimeachama na mwiko juu, wakaihifadhi. Sasa kila wakikutana, kabla ya kazi, wanauliza bibi wa mwiko hajambo, na yule wa paka anauliza kama ni kweli chakula kilikuwa chao.

Basi siku hizi ukinitajia wageni siwashi moto. Nakuuliza kwanza, wanakuja na matumbo yao, au zinakuja nyuso tu?