Kikohozi cha Pangoni

Baba yangu alikuwa mkaguzi wa popo, na msicheke. Miaka ile ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, wanaume wengi wa Ruiru hawakuweza hata kwenda sokoni Thika bila kibali. Yeye alikuwa na barua ya daktari wa wanyama wa serikali, basi akaenda na kurudi kwa shughuli za popo, kifua mbele.

Kazi yenyewe ilikuwa kuingia pangoni karibu na maporomoko ya Chania, kunasa popo kwa wavu, kuwakunjua mbawa mmoja mmoja na kutazama kama wana vidonda au madoa ya kuvu. Wazima aliwaachilia. Waliokufa aliwatia kwenye chupa ya spiriti wakapimwe. Jioni alitusimulia habari zao mpaka mama akamwambia ahamie huko huko. Natamani jioni hizo hata leo.

Lakini baba hakupenda kuona kitu kikienda bure. Akawa anafagia kinyesi kikavu cha popo na kukileta kwa magunia, mbolea ya kabichi zetu. Kabichi zikanona. Yeye akakonda, akakohoa, akawa analowa jasho.

Tukasema ni TB. Hospitali walimpima makohozi wasiione, ila sisi tulijua kuliko hospitali. Tukampa chumba cha nje, sahani yake na kikombe chake. Watoto wa kaka yangu wakimsogelea, mimi ndiye niliyewafukuza.

Miezi ikapita, daktari wa wanyama akaja kumtafuta mtu wake. Alipoyaona magunia alituambia kuwa vumbi la kinyesi kile hubeba kuvu, nayo huingia mapafuni. Mtu hamwambukizi mwenzake. Polepole baba akapona, tukamrudisha ndani na mbuzi tukachinja.

Baadaye nilijifungua mtoto wa pili wa kiume, na kwa desturi yetu Wakikuyu akarithi jina la baba. Nikampeleka kwake ampokee. Baba akaweka mikono nyuma.

"Mshike wewe, maitu," akasema. Aliniita hivyo, yaani mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. "Mimi namwona vizuri nikiwa hapa mlangoni."

Nikamkumbusha maneno ya daktari, akasema anayajua. Nikamwomba msamaha, kwa mara ya kwanza tangu siku zile. Akasema yameisha. Lakini hakumshika.