Sauti Nyuma ya Mlango

Saa tisa na nusu alasiri, ukumbi umejaa. Watu themanini na watatu wamebanana kwenye mabenchi na mapazia meusi yameshushwa. Mbele ya skrini amesimama mwanamke mfupi mwenye miwani, kipaza sauti mkononi.

"Jamani, filamu hii ina uzuri wake na ubovu wake," anasema. "Uzuri: itakutisha bila kumwaga hata tone la damu. Birika tu litakutoa jasho. Ubovu: mwishoni anakuja daktari, anaeleza kila kitu kama anafundisha darasa la pili. Mtamvumilia."

Watu wanacheka. Mwenye ukumbi, aliyesimama mlangoni na mikono kaikunja, hacheki hata kidogo. Leo ndiyo leo.

Mwanamke huyu wanamwita Redio. Kwa miaka kumi na mmoja kazi yake ni kukaa kando ya skrini na kuwasemea kwa Kiswahili waigizaji wa filamu za kigeni: bibi, polisi, mtoto mchanga, hata mbwa ikibidi. Malipo ya filamu moja yanatosha chakula cha siku mbili, yeye na mama yake mzazi, "ila nyama usiiguse," anasema.

Alhamisi iliyopita nusura kazi hiyo iote mbawa.

Filamu ilikuwa hii hii. Muuguzi anaishi peke yake, na kila akirudi kazini anakuta vitu vimehamishwa: kikombe, viatu, funguo. Kisha anaanza kusikia mtu ananong'ona nyuma ya mlango. Msomaji ambaye hajaiona anisamehe: hakuna mtu. Ni yeye mwenyewe, akili imechoka, anahamisha vitu halafu anasahau.

Redio amezoea kumpa kila mtu sauti yake. Basi huyo wa nyuma ya mlango akampa sauti nzito ya kiume. Watu wakasisimka, wakabishana: ni mwenye nyumba, sio, ni jirani! Ukweli ulipotoka, ukumbi ukalipuka.

"Wewe Redio, mwanaume wetu yuko wapi?" alifoka fundi viatu mmoja, mteja wa siku zote. Watu kumi na wanne wakadai kiingilio chao.

Mwenye ukumbi hakuzunguka mbuyu. "Jumamosi unarudia. Wakilalamika tena, naweka maandishi chini ya picha, na mimi na wewe tunaagana kwa heri."

"Nililia njia nzima," Redio anakiri. "Nikaitukana filamu. Nikasema haina kichwa wala miguu."

Aliyemtoa tongotongo ni mama yake, ambaye macho yamefifia kiasi kwamba skrini kwake ni mwanga tu. Ijumaa asubuhi Redio alimsimulia filamu nzima, sauti kwa sauti. Mama akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Huyo mwanaume umemtoa wapi?"

"Mama, ni namna tu ya kuwatisha watu."

"Mimi siwaoni, mwanangu. Ukinipa mwanaume, naamini mna mwanaume humo ndani. Filamu haikudanganya. Umedanganya wewe."

"Yaliniingia hayo maneno," anasema Redio.

Sasa, Jumamosi, mnong'ono unatoka kwa sauti ile ile ya muuguzi, ila ya chini na kavu. Filamu inaponyamaza, Redio naye kimya. Birika linaanza kupiga mluzi. Hakuna anayekohoa.

"Masikini!" anaropoka fundi viatu, mikono kichwani. "Juzi sikumsikia: ni yeye mwenyewe!"

Daktari anapotokea, Redio anasema, "Huyu hapa niliyewaambia," anamfupisha kwa sentensi mbili, na ukumbi unacheka kwa ahueni.

Taa zinawaka. Hakuna anayedai chochote. Redio ameketi. "Afadhali," anasema, akifuta miwani. "Afadhali, jamani. Afadhali."

Mwenye ukumbi anamjia. "Kile kipande cha ubovu wa filamu..."

"Bosi, nisamehe, nimezoea."

"Kiendeleze. Aliyekwisha kuambiwa ubovu hanikabi mlangoni." Anatabasamu, kwa mara ya kwanza leo. "Na Jumapili zote mchana ni zako. Chagua filamu mwenyewe."

Namuuliza Redio atazifanyia nini hizo Jumapili. Hafikirii hata kidogo.

"Nawaita wasioona, na wenye macho hafifu kama mama. Mtaani kwetu tu nawajua sita, hakuna aliyewahi kukaribishwa hapa. Tena nawaweka benchi la mbele kabisa." Anavaa miwani yake. "Wengine watasogea nyuma. Si wao wana macho?"