Jiwe Lililokwenda Mjini

Wewe unayenijua, unajua mie si mtu wa kutembea. Hata nikienda Kariakoo naaga majirani kama naenda Hija. Sasa vuta picha niko Madrid, Uhispania, ndani ya koti la mkwe wangu linalonifika magotini, nimeshikwa na wajukuu wawili, mmoja kila mkono, kama mtu aliyekamatwa na mgambo. Nilikuwa nimekwenda kumlea binti yangu, kajifungua mtoto wa tatu. Uji, kumkanda, kumwogesha mtoto, kazi hizo ndizo zilizonipandisha ndege. Lakini haikupita wiki akaniambia, "Mama, hawa wawili wananipasua kichwa. Watoe nje mkale raha, mie nilale."

Raha yenyewe ikanikolea, sikufichi. Jioni mji wote uko nje na watoto wake. Vitoto vinakimbia kati ya meza za watu wazima na hakuna anayevifokea vikalale. Wajukuu wakanipeleka kwenye kibanda cha vitu kama maandazi yaliyovutwa yakawa marefu, unayachovya kwenye chokoleti nzito. Tukiwa pale akaja mama mmoja, akauliza neno kwa sauti. Mzee mmoja akainua kidole. Yule mama akaenda zake kukaa kwenye benchi.

"Kauliza nini?" nikamuuliza mjukuu.

"Kauliza wa mwisho nani, bibi. Akishamjua, anapumzika."

Foleni ya kulindwa kwa mdomo! Sie kwetu Temeke tulilinda kwa jiwe.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, sukari imekuwa kama mgeni wa heshima, haiji mpaka itangaziwe. Uvumi ukipita kwamba lori linashusha kwenye duka la ushirika, watu wanapanga mawe mlangoni. Kila jiwe na mwenyewe. La fundi cherehani lilikuwa tofali, la mwalimu lilipakwa chokaa ili lionekane msomi. La bibi yangu lilifungwa kipande cha kanga chakavu. Mwenye jiwe lazima awe karibu, maana lori likija na wewe hupo, jiwe lako linarushwa mtaroni na hakuna wa kumlilia.

Bibi alikuwa ametoka Masasi kuja kumlea mama, aliyekuwa ndani na kichanga, arobaini haijaisha. Baba alikuwa na zamu zake kiwandani. Kwa hiyo bibi alipika, alifua, alikanda, na muda uliobaki alikaa na jiwe. Mama alitamani kitu kimoja tu, uji wa sukari. Alishachoka na uji wa chumvi. "Nahisi nakunywa bahari," alikuwa akisema, na bibi akamwahidi kwamba haondoki Dar kabla hajamkorogea uji mtamu.

Jumapili moja uvumi ukasema lori linakuja. Keshokutwa yake bibi anarudi Masasi. Nilimkuta pale mlangoni amelitazama jiwe lake kama watu waliogombana. Nyuma yake alikaa jirani yetu muuza mkaa, mama mwenye mdomo.

"Bibi wa Masasi, mji umeuonaje?" akamchokoza.

"Nimeuona," bibi akasema. "Ni jiwe."

Watu wakacheka. Bibi hakucheka. Aliinama, akalitoa jiwe kwenye mstari, akalitumbukiza kwenye kikapu chake. Akamwambia yule jirani, "Sogea mwanangu, nafasi hiyo yako. Sitaki kuweka jiwe la uongo." Kisha akanigeukia mie. "Kamwite mdogo wako. Wakiniuliza Masasi mji ukoje, nitawaambia nini?"

Nilijua maana yake. Hakuna jiwe, hakuna sukari, hakuna uji. Lakini mtoto gani anayekataa kwenda mjini?

Tukaenda. Bibi alitembea katikati ya barabara za maduka huku kikapu chenye jiwe kikimvuta bega, hakutaka kulitupa, alisema ni jiwe zuri. Tulichungulia vioo vya maduka yaliyofungwa. Tukafika kwenye sanamu ya askari, mdogo wangu akasimama wima, akasema, "Shikamoo!" Akasubiri. Bibi akamwambia, "Twende, hawezi kuitika, yuko kazini." Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Sijawahi kumwona hivyo.

Halafu akafungua fundo la kanga, akatununulia aiskrimu kwenye dirisha la duka moja lililokuwa wazi. Nyeupe, ya vanila. Wee! Ilikuwa tamu kiasi cha kunitia aibu, maana kila nikilamba nilimwona mama na kikombe chake cha bahari. Bibi naye alilamba kwa ukali, kama anayetimiza kazi. Katikati akasimama, akarudi dirishani, akanunua nyingine, akaitia kwenye kopo la maji alilobeba kikapuni. "Ya mzazi," akasema.

Unajua jua la Dar. Tulipofika Temeke, kopo lilikuwa na maziwa ya uvuguvugu. Na lori lilikuwa limekuja na kuondoka. Muuza mkaa alipita mbele yetu na sukari yake, ameifunika kwa kanga. Bibi akaingia jikoni, akabandika uji, akaumimina ule urojo wa aiskrimu ndani.

Mama alionja. "Mama, hii sukari umepata wapi?"

"Kwa jirani."

"Jirani yupi mwenye sukari inayonukia hivi?"

Bibi akakoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu tena. Mdogo wangu akadakia, "Mama, tumemwamkia sanamu!"

Mama alikunywa wote, akakomba kikombe kwa kidole. Usiku bibi alipokwenda kuoga, akaniita. "Bibi yako alifurahi?"

"Alifurahi."

"Na wewe?"

Nikasema, "Sijui." Niliona nikikubali nitakuwa nimemwibia.

"Haya," akasema, akageukia ukutani na mtoto wake.

Bibi akaondoka, jiwe akaliacha. Uji ukarudi kwenye chumvi mpaka arobaini ikaisha. Baadaye lile dirisha la aiskrimu nalo likafungwa, leo pale wanauza simu. Duka la ushirika limekuwa baa. Yale mawe yetu sijui yameishia kwenye msingi wa nyumba ya nani.

Pale Madrid nilimfungia binti yangu maandazi mawili kwenye karatasi, nikayaficha ndani ya koti yasipoe. Yalifika yamepoa, magumu kama kuni. Aliyala hivyohivyo, amekaa kitandani, kichanga begani.

"Mlifurahi, mama?"

Nikafungua mdomo kusema sijui. Wajukuu wakanitazama, midomo yao myeusi kwa chokoleti.

"Tulifurahi mno," nikasema.

Akatabasamu, akalala. Nami nikaenda jikoni kumbandikia uji, nikatia sukari, nikaongeza, nikaongeza tena. Mama yangu mpaka anafariki hakuijua aiskrimu ya mjini ila ikiwa uji wa moto.