Nusu Saa Kando ya Kitanda cha Tisa

Kwa miaka kumi na sita Filister Adhiambo alikuwa muuguzi wa wodi ya wanawake katika hospitali moja ya kibinafsi mjini Migori. Wenzake waliita majina ya wagonjwa wakiwa mlangoni. Yeye alivuta kiti, akauliza umelalaje, akangoja jibu.

Jumanne moja walikuwa wauguzi wawili kwa wagonjwa thelathini na wanane. Kwenye kitanda cha tisa alilala Mama Matiko, bibi kutoka Kehancha, aliyekuwa ameng'oa dripu mara tatu.

"Huyu tumfunge mikono tu," mwenzake Rispa alisema, akaenda kuchukua dawa.

Filister hakumfunga. Kwa Kikuria chake cha kubahatisha alimwuliza anaogopa nini. Bibi akalia. Mwanawe alifariki hospitalini akiwa na dripu mkononi, na tangu hapo aliamini ni maji yale yaliyomuua. Filister alimsikiliza nusu saa nzima, mpaka bibi mwenyewe akanyoosha mkono achomwe sindano.

Nyuma ya pazia, upande wa pili, kulikuwa na Trizah, msichana wa miaka kumi na tisa aliyeletwa asubuhi akiwa na pumu. Mtungi wake wa oksijeni uliisha na hakuna aliyeona. Rispa aliporudi alikuta ameshakata roho.

"Ulikuwa wapi?" Dishon, babake Trizah, alimwuliza Filister.

"Nilikuwa nimeketi na mgonjwa mwingine, mzee."

Jibu hilohilo aliwapa wakubwa wa hospitali. Hawakujiuliza kwa nini wodi nzima ilikuwa na wauguzi wawili. Walimwandikia barua kwamba amezembea, wakamhamishia tawi la Homa Bay, kwenye stoo ya faili. Mama Matiko alipona, akarudi kwake.

Mwezi mmoja baadaye Filister alikwenda Uriri kumwona Dishon. Alimkuta uani akipukuchua mahindi.

"Nimekuja kusema pole, mzee."

"Sista, si ungenidanganya tu? Ungesema ulikuwa unaokoa mtu. Sasa kila nikifunga macho nakuona ukipiga stori huku mtoto wangu anakufa."

Filister alitaka kumwambia kwamba kweli alikuwa anaokoa mtu. Lakini hakuwa na hakika na hilo tena.

Dishon akarudia mahindi yake. Filister alisubiri aseme jambo, hata matusi. Mwishowe akaaga, akatoka bila kujibiwa.