Kocha Aliyemshangilia Mtoto wa Mwenzake

Alfajiri bado mbichi, na Kocha Pumzi tayari amegombeza nusu ya chuo. Mwandishi wa makala haya, aliyefika uwanjani amechelewa kidogo, anaambiwa kabla hata ya salamu azunguke uwanja mara moja ili damu ichangamke. Mwandishi anacheka akidhani ni utani. Kocha hacheki.

"Mimi siongei na mtu aliyelala," anasema, kipenga kikiwa pembeni mwa mdomo. "Zunguka. Ukirudi utaniuliza unachotaka."

Shingoni amening'iniza saa ya kupimia mbio, funguo za basi la chuo, ufunguo wa stoo na kitambulisho chenye picha ya mtu mwenye mashavu. Ukimkazia macho anajieleza mwenyewe. "Huyo ni mimi. Wakati naajiriwa nilikuwa na mashavu."

Jina la Pumzi amepewa na wanafunzi, kwa sababu ndilo neno analolipigia kelele tangu wanapofunga kamba za viatu hadi wanapoanguka kwenye nyasi. Pumzi! Pumzi! Yeye mwenyewe, kusema kweli, hana nafasi ya kuivuta.

Kundi la wakimbiaji linapita nyuma yake. Amewapa mgongo, anajaza maji kwenye chupa, lakini kila hatua anaijua ni ya nani.

"Nahodha, mguu wa kushoto unauburuza! Na wewe wa uhasibu, nani kakuambia watu wanakimbilia visigino?"

Nahodha, msichana mrefu anayesomea ualimu, ananyanyua mguu haraka. Baadaye, akijinyoosha misuli, anamsema kwa sauti ya chini. "Huyu mzee ana macho kisogoni. Sura zetu wala hazijui vizuri. Vaa kofia, jifunike shuka, ukianza tu kukimbia kakujua."

Sifa hiyo ilimpendeza sana Kocha. Ndiyo pia iliyomtia aibu ambayo mtaa mzima bado unaisimulia.

Aliajiriwa kufundisha mbio ndefu tu. Alikuwa mkimbiaji, goti likamgomea, chuo kikamchukua. Kisha kocha wa mbio fupi akapata kazi kwingine na Pumzi akaombwa amshikie kwa muda. Mwaka uliofuata yule wa kuruka naye akaaga, na Pumzi akaombwa amshikie huyo pia, kwa muda. Hiyo "kwa muda" sasa ina miaka minne.

Leo ana wanariadha zaidi ya thelathini mikononi mwake. Anawaandalia mazoezi, anawaendesha kwenye basi, anawafunga bandeji, anawaombea ruhusa kwa wahadhiri, na mmoja akiachwa na mpenzi wake wiki ya mashindano, ni yeye anayekaa naye kwenye ngazi za jukwaa kumbembeleza ale.

"Mshahara ni wa kocha mmoja, kazi ni ya watu watatu na nusu," anasema. Akiulizwa hiyo nusu ni ipi, anaonyesha kamba iliyojaa jezi mbichi nyuma ya stoo. "Hiyo. Nimefua jana."

Nyumbani kwake, vyumba viwili na sebule nyuma ya soko, hali ilikuwa ikichekesha na kuumiza kwa pamoja. Mkewe ni mkunga, mwanamke mcheshi asiyemung'unya maneno. Anaileta chai mezani na malalamiko yake yanafuata papo hapo.

"Mimi nazalisha wake za watu usiku kucha, na bado nafika nyumbani kabla yake," anasema. "Huyu bwana alikuwa anakuja kubadilisha soksi. Mama yangu alitutembelea wiki nzima, siku ya kuondoka akaniuliza kwa upole, mwanangu, mumeo ulisema anafanya kazi nchi gani?"

"Mama mkwe alitia chumvi," Kocha anajitetea.

"Chumvi gani? Na wewe alikuuliza shida yako, mlangoni. Alidhani umekuja kusoma mita ya umeme."

Mwili nao ulianza kumdai. Alisinzia mezani kijiko kikiwa njiani kuelekea mdomoni. Alipiga kipenga usingizini, mkewe akaruka kitandani na kuuliza mtoto katoka mzima. Siku moja alisahau njia ya kwenda nyumbani, akaegesha basi tupu mbele ya uwanja na kukaa ndani yake akisubiri wanafunzi, na ilikuwa sikukuu. Daktari wa chuo alimwambia apumzike angalau siku tatu.

"Nikamwambia sawa, msimu ukiisha," anakumbuka Kocha. "Akaniuliza, msimu unaisha lini? Nikamwambia, unapoanza mwingine."

Kisha ikaja siku ya michezo katika shule ya msingi ya bintiye.

Binti ana miaka tisa, mpole lakini mkaidi. Alikuwa amekimbia siku ya michezo kila mwaka tangu aanze shule, na kila mwaka baba yake alikuwa kwenye mashindano ya watoto wa watu wengine. Safari hii Kocha aliapa. Aliwaacha wanariadha mikononi mwa nahodha, akapanda pikipiki ya kukodi akiwa na kipenga chake shingoni, akafika mbio za mzunguko mmoja zimekwisha kuanza. Akakimbilia kwenye kona ya mwisho, mahali ambapo makocha wote duniani husimama.

Watoto walikuwa upande wa pili wa uwanja. Wote wamenyolewa vichwa kwa amri ya shule, wote fulana nyeupe na bukta ya bluu. Jua lilikuwa usoni mwake. Mtu mwingine angemuuliza mwalimu, jamani, wangu yuko wapi? Kocha Pumzi hakuuliza, kwa sababu yeye haulizi, yeye anatambua mwendo.

"Nikaangalia miguu," anasema, na hapo anaweka kikombe chini. "Nikaona kuna mmoja yuko nafasi ya pili, anakimbia huyo mtoto! Mabega yametulia, magoti yanapanda, mgongo umenyooka. Nikasema moyoni, huyo ni wangu, kachukua kwangu. Damu ikanichemka."

Aliyekuwa akiongoza alikuwa kichekesho. Mikono inatapatapa, kichwa kimeinama upande, mguu mmoja unatupwa nje. Kocha akaivuka kamba ya kuzuia watazamaji, akakimbia sambamba na watoto na kupiga kelele zilizosikika mpaka jikoni kwa wapishi.

"Legeza mikono! Pumzi! Huyo wa mbele hana kitu, amekwisha! Mtazame anavyotapatapa! Mpite! Mpite sasa!"

Mtoto wa pili alikuwa msikivu. Akampita yule wa mbele hatua chache kabla ya utepe, na Kocha Pumzi akamnyanyua juu juu huku akilia machozi ya furaha. Mtoto alimtazama kwa mshangao mkubwa. Halafu akamwambia kwa adabu, "Shikamoo. Baba yangu ni yule pale."

Aliyepitwa alikuwa amesimama nyuma yao, anahema, anamtazama. Alikuwa bintiye.

"Nilitamani ardhi ipasuke," anasema Kocha. Mkewe, ambaye siku hiyo alikuwa amesimama kwenye utepe na kusikia kila neno, kwa mara ya kwanza hamtanii. Anamshika bega. Kocha anafuta macho kwa ukosi wa fulana yake na kusema kwamba katika kazi yake ameshindwa mara nyingi, lakini hajawahi kushindwa vile. Mtoto wake alikuwa anashinda, na ni yeye aliyemfanya ashindwe.

Kilichomzidishia uchungu ni baba wa yule mshindi, fundi seremala mwenye furaha isiyo na breki, aliyekuja kumpa mkono na kuuliza kama anaweza kumleta mwanawe mazoezini kila wiki.

Binti hakulia wala hakununa. Usiku ule mezani alisema tu, "Mama, mwombe Kocha anipe sukari." Tangu siku hiyo hajamwita baba. Anamwita Kocha, kwa heshima zote, kama wanavyomwita wale thelathini na kitu.

Sasa tatizo. Kwa kuwa alishika nafasi ya pili, binti alichaguliwa kukimbia dhidi ya shule za jirani. Mbio hizo ni Jumamosi hii. Jumamosi hiyo hiyo ni fainali za riadha za vyuo, na mkataba wa Kocha unajadiliwa wiki itakayofuata.

Alikwenda kwa mkurugenzi wa michezo, bwana mwenye kitambi cha heshima, akamweleza kwamba hatasafiri na timu.

"Kwani mtoto hana mama?" akauliza mkurugenzi.

"Anaye. Ndiye aliyenituma kwako."

"Kocha, mkataba wako unajua uko wapi?"

"Uko kwenye droo yako, mheshimiwa. Na binti yangu hajui mimi ni nani yake. Kati ya hivyo viwili, kimoja kinanikosesha usingizi."

Mkurugenzi akauliza timu itapelekwa na nani. Kocha akatoa shingoni funguo za basi, akaziweka mezani mbele yake.

Ndiyo maana wiki hii uwanjani kuna kioja. Mkurugenzi wa michezo, ambaye hajabeba kitu kizito kuliko kalamu kwa miaka mingi, anapiga magoti kwenye nyasi akijifunza kufunga bandeji kwenye kifundo cha mguu wa nahodha. Amekwisha kufunga vidole vyake viwili humo humo.

"Hivi hii yote huwa anaifanya mtu mmoja?" anauliza, jasho likimtiririka.

"Na jezi bado hujafua," anajibu nahodha.

Mkurugenzi bado hajaahidi kitu kuhusu mkataba. Ameandika tu barua ya kuomba kocha wa pili aajiriwe, na ameiandika akiwa amesimama, kwa sababu baada ya kazi za wiki hii kukaa kunamuuma. Nahodha kwa upande wake amemwambia Kocha asiwe na wasiwasi. "Kukimbia tunajua. Wewe ndiye hujui kupumzika."

Jana jioni Kocha alirudi nyumbani jua likiwa bado lipo, jambo lililomfanya jirani atoke nje kuuliza kama kuna msiba. Anamchukua bintiye hadi kiwanja cha nyuma ya soko. Mkewe anafuata, anasimama karibu naye kama askari.

"Kimbia nikuone," Kocha anamwambia mtoto. "Sitasema neno. Nataka tu kukuona."

Binti anakimbia. Mikono inatapatapa, kichwa kimelala upande, mguu mmoja unatupwa nje. Kocha anauma kipenga mpaka mishipa ya shingo inamtoka.

"Usithubutu," anaonya mkewe.

Hathubutu. Anatazama tu, mzunguko wa kwanza, wa pili. Kufikia wa tatu anatabasamu, na anamnong'oneza mkewe kwamba kile kichwa cha upande ni cha kwake mama mtu, ndivyo anavyokilaza akiwa amechoka. Mkewe anamwambia asikwepe, huo mguu wa nje ni wake yeye, autazame vizuri.

Binti anarudi akihema, anasimama mbele yake.

"Umeniona?"

"Nimekuona. Jumamosi nitakuwa pale kwenye kona."

Mtoto anamkagua kuanzia viatu hadi usoni. Anafikiri. "Tutakuwa wengi," anasema. "Nikifika kwenye kona nitakupungia mkono, ili unijue."

Kocha Pumzi anafungua mdomo. Anajua kuliko mtu yeyote kwamba anayepunga mkono kwenye kona ya mwisho hupoteza kasi, na pengine hupoteza mbio zenyewe. Anaufunga mdomo. Anapiga goti lake bovu chini mpaka macho yao yanakuwa sawa.

"Punga," anamwambia. "Punga yote miwili."